Mjinga Mtiifu na Roho za Watu: Mwongozo kwa Fundi wa Programu wa Kikambala

Kila ajali kubwa inayohusu kompyuta huzaa sentensi moja ya uvivu: "Ni makosa ya kompyuta." Anayeitamka huwa anamtafutia mtu mahali pa kujificha. Kompyuta ni mjinga mtiifu kuliko wote waliowahi kuajiriwa duniani. Ukimwambia ainamishe pua ya ndege, atainamisha. Ukisahau kumwambia akome, hatakoma, hata ardhi ikiwa mita kumi mbele yake. Mashine nyingi zilizoua watu kwa sababu ya programu ziliua zikitii, tena zikitii vizuri sana. Kwa hiyo anayehitaji mafunzo ni yule anayetoa amri.

Mwongozo huu ni wa vijana wa Kikambala, Mtwapa, Vipingo, Kilifi na Malindi wanaosomea uhandisi na kompyuta, iwe ni Chuo Kikuu cha Pwani, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, au ni usiku nyumbani kwa simu na bando la kuhesabu. Asije mtu akawaambia kwamba mambo haya ni ya Ulaya na Marekani. Matatu zinazopita Kikambala kati ya Mombasa na Malindi zimefungwa kidhibiti mwendo, ambacho ndani yake mna kompyuta ndogo. Magari madogo yaliyotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa yana programu zinazoamua breki zikamate vipi na mifuko ya hewa ifumke lini. Minara ya simu ni programu juu ya programu. Ndege zinazoshuka Uwanja wa Moi ni hivyo hivyo. Na ukiipita Malindi kuelekea kaskazini hadi Ngomeni, unafika mahali ambapo Waitaliano walirusha roketi tisa za kupeleka setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini, kati ya 1967 na 1988. Mojawapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilibeba setilaiti iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu ya uhuru, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zinazotoka kwenye nyota. Pwani hii si mgeni wa anga.

Basi kaa chini, fundi. Hatua ziko nane, na hakuna hata moja ya kurukwa.

Hatua ya kwanza: Andika amri kabla ya kuandika programu

"Kengele ilie mapema" ni maombi. Amri ni hii: kengele ilie ndani ya nusu sekunde tangu kipimo kivuke kiwango fulani, inyamaze kipimo kikirudi chini ya kiwango kingine, na rubani aweze kuizima kwa mkono mmoja. Kila amri unayoiandika iulize maswali matatu. Kipimo kisipofika kabisa, mashine ifanye nini? Kikifika kimechelewa? Kikifika na namba isiyowezekana kabisa, kama vile gari lenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa barabarani Kanamai? Mjinga mtiifu hawezi kucheka namba hiyo. Ataifanyia kazi kwa bidii zote.

Kisha andika kipimo ni cha nini. Mnamo Septemba 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kuchunguza hali ya hewa ya Mars kilipotea kilipoifikia sayari hiyo. Programu moja ya ardhini ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, na iliyozipokea ilizisoma kama vipimo vya metriki. Kila upande ulipiga hesabu yake sawasawa. Wafanyabiashara wa pwani hii walipima kwa vibaba, pishi na frasila, na hakuna aliyetaja namba pasipo kutaja kipimo chake. Wahandisi waliosafirisha chombo hadi sayari nyingine walishindwa na jambo ambalo muuza mtama alilijua.

Hatua ya pili: Usimsadiki shahidi mmoja

Hapa ndipo penye msiba wetu wenyewe. Tarehe 10 Machi 2019, asubuhi, ndege ya Ethiopian Airlines namba 302 iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Baada ya dakika sita ilianguka karibu na Bishoftu. Watu 157 walikufa, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Miezi minne na siku chache kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo, Boeing 737 MAX, ilikuwa imeanguka baharini Indonesia na kuua watu 189. Jumla ni 346.

Ndani ya ndege hizo mlikuwa na programu iitwayo MCAS. Boeing ilikuwa imefunga injini kubwa zaidi kwenye muundo wa ndege wa zamani, ikazisogeza mbele na kuzipandisha juu, na katika hali fulani pua ya ndege ikawa na tabia ya kunyanyuka. MCAS iliwekwa iishushe pua kwa kulisogeza bawa la mkiani. Ili kujua pua imenyanyuka kiasi gani, ilisoma kihisi kimoja cha pembe. Ndege ilikuwa na vihisi viwili, kimoja kila upande, lakini MCAS ilisikiliza kimoja tu katika kila safari.

Siku ile ya Addis Ababa, muda mfupi baada ya kuruka, kihisi cha kushoto kilionyesha nyuzi 74.5. Cha kulia kilionyesha kama 15. Ndege ya abiria yenye pembe ya nyuzi 74 ni ndege iliyosimama kwa mkia. Mtoto wa shule ya msingi angeuliza kulikoni. MCAS haikuagizwa kuuliza. Ilishusha pua, marubani wakaipandisha, ikashusha tena.

Mvuvi wa Kikambala anayerudi na ngalawa haingii mlango wa mwamba kwa kutazama mnazi mmoja. Huchagua alama mbili za nchi kavu, moja mbele na nyingine nyuma yake, na zikikaa mstari mmoja ndipo huingia. Zisipokaa, hubaki nje akangoja. Kampuni yenye maelfu ya wahandisi iliiagiza mashine yake iingie kwa mnazi mmoja.

Marekebisho yaliyofanywa kabla ya ndege hizo kuruhusiwa kurudi angani Marekani, Novemba 2020, yanafundisha kazi yenyewe. MCAS sasa inasoma vihisi vyote viwili, na vikitofautiana kwa nyuzi 5.5 au zaidi, haifanyi kitu. Inasukuma mara moja tu kwa tukio moja, wala haiwezi kusukuma kuliko nguvu za rubani kuirudisha. Yote hayo yalijulikana kiufundi miaka mingi kabla ya 2018. Kilichokosekana ni mtu wa kugonga meza na kusema hapana, na mtu wa kumsikiliza.

Fundi, liandike hili ukutani: mashine inayoweza kuua isitende kwa neno la kihisi kimoja, na vihisi vikipingana, imwambie binadamu kwamba vinapingana. Ndege hizo zilitakiwa kuwa na onyo la mpingano huo. Boeing iligundua mwaka 2017 kwamba onyo hilo halikufanya kazi katika ndege nyingi, kwa kuwa lilifungamanishwa na kionyeshi ambacho mteja alikilipia kando.

Hatua ya tatu: Usimfiche rubani mashine yake

Marubani wa kwanza wa 737 MAX walipewa kitabu cha mafunzo kisichowaeleza kuhusu MCAS. Binadamu aliwekwa pale awe kinga ya mwisho, kisha akanyimwa habari ya kile atakachopigana nacho. Huo ni utapeli, na usiuite kwa jina jingine lolote.

Kengele ya uongo nayo ni hatari kama kengele bubu. Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, Airbus A310 ya Kenya Airways, safari namba 431, iliruka kutoka Abidjan kuelekea baharini, juu ya giza tupu. Mara tu ilipoacha njia, kengele ilianza kulia kwamba ndege inapoteza nguvu ya kubaki hewani. Haikuwa kweli. Rubani aliyeshika usukani aliishusha pua, kama alivyofunzwa kufanya akisikia kengele hiyo, na katika muda usiofika dakika moja ndege ikawa majini. Kati ya watu 179 waliokuwemo, 10 tu waliokoka.

Angalia jinsi utii ulivyopita kutoka kwenye kifaa hadi kwa mtu. Kengele ililia, mtu akatii, bahari ikapokea. Kwa hiyo unapobuni onyo, mbunie pia binadamu aliyeshtuka, gizani, mwenye sekunde chache. Mpe njia ya kulipima onyo kwa kitu kingine: mwendo, kimo, pembe, vyote vikiwa mbele ya macho yake. Na umwambie waziwazi unapokuwa huna hakika.

Hatua ya nne: Kikague cha kurithi kama kipya

Fundi mvivu husema, "Programu hii imefanya kazi miaka kumi, tuiingize tu." Mwulize: imefanya kazi wapi, na kwa mwendo gani?

Tarehe 4 Juni 1996, Ariane 5 iliruka mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Kituo cha Malindi ni mojawapo ya vituo vya ardhini vilivyotumika kuzifuatilia safari za Ariane zikipita Afrika, lakini siku hiyo hapakuwa na cha kufuatilia. Sekunde kama 37 baada ya kuanza kazi, roketi iligeuka ghafla, ikavunjika na kulipuka, pamoja na setilaiti nne za utafiti.

Chanzo kilikuwa programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4, katika kifaa cha kuijulisha roketi imeelekea wapi. Namba moja inayohusu mwendo wa kwenda upande ilihamishwa kutoka nafasi ya biti 64 hadi nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Ariane 4 haikuwahi kufikia kiasi hicho wakati ule wa safari. Ariane 5, yenye nguvu zaidi, ilikivuka. Kifaa kikajizima, kama kilivyoagizwa. Palikuwa na cha akiba, chenye programu ileile, nacho kilikuwa kimezimika sehemu ndogo ya sekunde mapema kwa kosa lilelile. Kompyuta kuu ikaupokea ujumbe wa kosa ikidhani ni habari za safari, ikaugeuza mwelekeo wa injini. Na kipande kile cha programu hakikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini. Kiliachwa kikiendelea kwa mazoea.

Mafunzo ni mawili. Unaporithi msimbo, rithi pia mipaka yake kwa maandishi, na uipime upya kwa mashine mpya. Na kuwa na viwili vinavyofanana hakutoshi, kwa sababu chuma huharibika kimoja kimoja lakini kosa la programu liko katika nakala zote. Ndiyo maana Airbus A320 ilipewa kompyuta za kuongozea ndege za aina tofauti, zenye programu zilizoandikwa na watu tofauti. Boeing 777, ambayo Kenya Airways iliwahi kuirusha, ina kompyuta tatu za msingi, na ndani ya kila moja mna chipu tatu za aina tofauti. Waliojenga hivyo walikuwa wamekubali jambo ambalo wengi hukataa: fundi hodari naye hukosea.

Hatua ya tano: Kumbuka kwamba namba hujaa

Kila mtaa una fundi ambaye dawa yake ni "zima, kisha washa". Mwaka 2015 dawa hiyo ilitoka kwa mamlaka ya anga ya Marekani. Iligundulika kwamba Boeing 787, ndege ambayo Kenya Airways inaitumia tangu 2014, ikiachwa na umeme siku 248 mfululizo, vifaa vinavyodhibiti jenereta zake vingeweza kuzimika vyote kwa pamoja. Mamlaka ikaagiza ndege zizimwe na kuwashwa kabla ya muda huo, hadi programu ibadilishwe. Fanya hesabu mwenyewe: namba kubwa kabisa ya kawaida ya biti 32 ni 2,147,483,647. Ukihesabu kwa mia moja za sekunde, inajaa baada ya siku 248 na nusu. Hapa kosa lilikamatwa maabara, kabla halijadhuru abiria yeyote, na waliolikamata wanastahili heshima kuliko mashujaa wengi wa sinema.

Waliokuwa kambini Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991 hawakubahatika. Mtambo wa Patriot wa kutungua makombora ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100. Ulihesabu muda kwa sehemu ya kumi ya sekunde, na sehemu hiyo haiandikiki kwa ukamilifu katika namba za kompyuta, kama vile moja ya tatu isivyokamilika kwa desimali. Kosa dogo likajilimbikiza hadi theluthi ya sekunde. Kombora hupita zaidi ya nusu kilomita kwa muda huo. Mtambo ukatazama mahali pasipo na kitu, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Programu iliyorekebishwa iliwasili siku iliyofuata.

Kwa hiyo usijaribu mashine yako kwa dakika tano ukaenda kunywa chai. Iache mwezi mzima. Ongeza na mlinzi wa ndani, saa ndogo inayotaka kuguswa na programu kila baada ya muda mfupi, na isipoguswa iiwashe mashine upya. Na uhakikishe kwamba kuwashwa upya katikati ya safari hakutamuua mtu.

Hatua ya sita: Mjue anayekaa juu ya kifaa chako

Sasa turudi barabarani. Kanuni za waziri John Michuki, zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, ziliagiza kila matatu iwe na mikanda na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kifaa hicho, ambacho kila makanga anakiita gavana, husoma mwendo wa gari na kupunguza mafuta au nguvu ya injini mwendo ukifika kikomo. Ni kifaa halisi cha programu ya usalama, na kimefungwa kwenye gari linaloendeshwa na mtu ambaye siku yake inalipwa kwa idadi ya safari. Mtu huyo hakipendi. Na palipo na gavana pana fundi wa gereji anayejua waya upi wa kukata na swichi ya siri aifiche wapi chini ya dashibodi.

Mhandisi wa ofisini hulalamika kwamba madereva ni wakaidi. Ni wakaidi, ndiyo, na wewe ulijua hivyo kabla ya kuchora mchoro. Basi mbunie mkaidi. Taarifa ya mwendo ikikatika ghafla huku injini inavuta, kifaa kisiseme "gari limesimama". Kiseme "nimekatwa", kiandike saa na tarehe, na kipunguze nguvu. Lakini kipunguze polepole! Matatu inayolipita lori la saruji karibu na Vipingo, basi la Malindi likija mbele, ikikatiwa nguvu mara moja, kifaa cha usalama kitakuwa kimewaua abiria wote kumi na wanne. Katika ndege, katika gari na katika simu, hali ya usalama haifanani. Lifti ikisimama iko salama. Ndege ikisimama imeanguka. Jiulize kwanza mashine yako ikishindwa ishindwe vipi, kisha ndipo uulize ifanikiwe vipi.

Mwenye gari anayelipia kuzimwa kwa gavana naye asijifiche nyuma ya dereva. Amenunua ajali kwa fedha taslimu.

Hatua ya saba: Mgonjwa mmoja asiambukize mtaa

Pwani yetu inazungumza kwa mitambo. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009. Fedha zinatumwa kwa simu tangu M-Pesa ianze mwaka 2007. Mama mjamzito wa Chasimba anapozidiwa usiku, anayetafutwa kwanza ni mtu mwenye gari, na anatafutwa kwa simu. Mtandao ukizimika saa hiyo, programu ya simu imekuwa programu ya uhai.

Tarehe 15 Januari 1990 mtandao wa simu za masafa marefu wa AT&T, Marekani, ulilemaa kwa takriban saa tisa. Mtambo mmoja wa New York ulipata hitilafu ndogo, ukajiwasha upya, kisha ukawajulisha jirani zake kwamba umerudi. Programu mpya ya jirani ilikuwa na kosa la mstari mmoja, na ujumbe wa pili ukiwakuta wangali wanashughulikia ule wa kwanza, waliyumba, nao wakajiwasha upya. Kisha nao wakawajulisha jirani zao. Mitambo 114 ikawa inaangushana kwa salamu. Sehemu iliyoangusha mtandao ndiyo iliyoandikwa kwa ajili ya kuuponya.

Fanya hivi: njia ya kupona ijaribiwe kwa bidii kuliko njia ya kawaida, kwa kuwa hutumika siku ambayo mambo yameshaharibika. Na programu mpya usiiingize katika mitambo yote kwa siku moja. Ianze kwa mmoja, itazamwe, ndipo ienee.

Hatua ya nane: Leta ushahidi, na usimwogope mkubwa

Katika ndege, kosa linaloweza kuwaua wote linatakiwa lisitarajiwe zaidi ya mara moja katika saa bilioni moja za kuruka. Saa bilioni moja ni zaidi ya miaka 114,000. Ngome ya Yesu pale Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, haijafikisha hata miaka 500. Hakuna wa kuijaribu programu muda huo. Kwa hiyo kiwango cha DO-178C, kinachotumika kuidhinisha programu za ndege, kinadai ushahidi wa kazi yenyewe: kila mstari wa msimbo uonyeshe unatoka amri ipi, kila amri ionyeshe imejaribiwa wapi, na katika daraja la juu kabisa kila sharti ndani ya uamuzi lithibitishwe kuwa linabadilisha matokeo kwa nguvu yake lenyewe. Magari yana ISO 26262, iliyotoka mwaka 2011. Visome. Vinachosha, na kila ukurasa uliandikwa ili kosa la jana lisirudiwe.

Kisha atakuja mkubwa wako. Atasema, "Mteja anasubiri." Mjibu: abiria naye anasubiri kufika. Atasema, "Uwezekano ni mdogo sana." Mwambie auandike kwa namba na aweke sahihi. Atasema, "Mbona unatuharibia jina?" Mkumbushe kwamba Januari 2021 Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 kumaliza shtaka la jinai la kula njama ya kuilaghai serikali ya Marekani kuhusu 737 MAX, na kwamba fedha zote hizo hazikumrudisha nyumbani hata mmoja wa wale 346. Mficha maradhi kilio humfichua.

Kikambala inajua kifo cha makusudi. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise ililipuliwa, wakafa Wakenya kumi, wakiwemo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni, pamoja na Waisraeli watatu. Asubuhi hiyohiyo makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya Arkia iliyokuwa inaondoka Mombasa, yakaikosa. Waliofanya hayo walikusudia kuua, na dunia nzima iliwatafuta. Katika mikasa ya Bishoftu na Indonesia hakuna aliyeamka asubuhi akinuia kuua mtu. Watu waliamka wakinuia kuwahi tarehe, kubana gharama na kuepuka maswali. Waliokufa walikuwa wengi mara nyingi zaidi.

Kenya sasa inajenga vyombo vyake. Setilaiti ya kwanza ya nchi, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliachiwa angani Mei 2018, na Taifa-1 ikafuata Aprili 2023. Zitakuja nyingine, na magari, na mitambo ya hospitali, na programu zake zitaandikwa na ninyi. Vyuo vya pwani vifundishe somo la usalama wa programu kama somo la lazima, na mtihani wake usiwe wa kukariri. Wakaguzi wa magari wapime gavana likiwa barabarani, wasiridhike na cheti chake. Nawe abiria, dereva akivuka 80, sema, kwa sauti, na gari zima lisikie. Programu ikiua, ilitumwa, na aliyeituma ana jina.